Nta Juu ya Rejeta

Mume wangu ana sura mbaya. Hilo nilimwambia siku ya kwanza tu aliponiletea debe la asali dukani kwangu, Ng'ambo ya Tabora, akalishusha mwenyewe begani, akafuta jasho na kuniuliza kama nina maji ya kunywa. Nikamjibu kwamba maji yapo, lakini kwa sura ile sijui kama yatakubali kushuka kooni. Alicheka mpaka akakaa juu ya debe. Alikwisha kuisikia lafudhi yangu, akajua mimi ni Mzaramo. Yeye ni Mnyamwezi, na makabila yetu mawili ni watani tangu enzi za misafara, wazee wao walipokuwa wakibeba mizigo kutoka huku hadi pwani, na wazee wetu wakiwapokea kule kwa ngoma na maneno ya kejeli. Mtani wako unaweza kumsema vibaya mbele ya mkwe wake, ukamchukulia kuku wake, na akifa ukalizuia jeneza njiani mpaka wafiwa wakupe chochote. Hakuna kukasirika. Anayekasirika ndiye mwenye makosa.

Basi tukaoana pamoja na utani wetu. Mimi namwita Mpagazi, yeye ananiita Mama Nazi. Akirudi safari namuuliza kama mzigo haukumchubua kichwa, naye ananiuliza kama leo nimefanya kazi yoyote au nililala chali nikingoja nazi idondoke. Majirani wapya hudhani tunaachana. Baada ya mwezi mmoja wanazoea, na wengine huleta viti.

Nayasema haya mapema kwa sababu bila kuyajua mtu hataelewa ilikuwaje mwanamke mwenye mdomo kama wangu akashindwa, miaka nenda miaka rudi, kumwambia mumewe neno moja likasikika. Neno lenyewe ni "ngoja."

Lori letu ni la zamani, la aina ile yenye pua ndefu mbele, si haya ya siku hizi yaliyobapa uso. Linabeba mpunga kutoka Igunga, tumbaku kutoka Urambo na Ulyankulu, na msimu wa asali ukifika linanibebea madumu yangu bila nauli, ingawa dereva wake, ambaye ni mume wangu, hukumbusha kila mara kwamba nauli ipo. Ni lori zima, lina nguvu, lakini lina homa. Jua la mwezi wa kumi likikutana na mzigo mzito, sindano ya joto pale mbele ya dereva inaanza kupanda, na isipoangaliwa, gari linachemsha.

Gari kuchemsha si ajabu kwenye barabara zetu. Ajabu ilikuwa kwa mume wangu. Likichemsha tu, anaegesha, anaruka chini, anafungua boneti, anavua shati, analizungushia mkononi na kuukamata mfuniko wa rejeta. Hapo hapo! Moshi unafuka, injini inanguruma kwa ndani kama chungu cha pombe, na yeye ameinamia kabisa.

Sasa maji ya rejeta ya moto si kama maji ya sufuria. Ya sufuria yakichemka yanatoka mvuke na kwenda zake. Ya rejeta yamebanwa humo ndani, yamepata moto kupita ule wa kawaida, na kinachoyashika ni ule mfuniko peke yake. Ukiulegeza yanaruka yote kwa pamoja, na kitu cha kwanza yanachokikuta ni uso wa aliyeinama. Hili kila dereva analijua. Mume wangu alilijua kuliko wengi, maana lilikwisha kumpata kabla hatujaonana. Mkono wake wa kulia, toka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, ngozi ni laini na haioti unywele, na alama nyingine inapanda shingoni hadi chini ya sikio. Uso ulinusurika kwa sababu kuna mtu alimwita kwa nyuma naye akageuka kuitika. Hadithi hiyo alikuwa akiisimulia kama kichekesho, huku akiigiza yule mtu anavyoita, na yeye anavyogeuka, na maji yanavyompita.

Mimi haikunichekesha. Nilikuwa nakaa dukani napima asali, simu inaita kwa namba nisiyoijua, na kabla sijapokea nimekwisha kumwona amefungwa bandeji machoni. Macho yale niliyapenda kabla ya kitu kingine chochote, na kusema ukweli ndiyo pekee yaliyo mazuri kwenye uso ule. Mwenzangu kazi yake ni kuendesha. Akiyakosa macho amekosa vyote, nami nimekosa mtu wa kuniangalia nikizeeka. Hofu hiyo ilikuwa inanila kila safari.

Nilimwambia. Nani aseme sikumwambia? Nilimwambia, "Mpagazi, sura yenyewe ndiyo hiyo, ukiibabua tena wageni nitawaonyesha nini?" Akaenda kuirudia kwenye maegesho ya malori, madereva wakagaragara. Nikamwambia siku nyingine kwamba akirudi kipofu nitamwongoza kwa kamba kama mbuzi, nikamuuze mnadani. Hiyo nayo ikaenda maegeshoni. Nikajaribu ukali, nikakunja uso na kuinua kidole, akaniangalia weee, kisha akawaambia watoto wa jirani waje upesi waone vituko vipya vya watu wa pwani. Kadiri nilivyozidi kuogopa ndivyo maneno yangu yalivyozidi kunoga, na kadiri yalivyonoga ndivyo alivyozidi kuyafurahia.

Nikaenda Kwihara kwa mama mkwe. Nilimkuta ameanika michembe ya viazi kwenye mkeka, nikampigia goti kama inavyotakiwa, maana yeye ni mama na sina utani naye. Nikamweleza yote. Akasikiliza huku akigeuza michembe, halafu akasema, "Mwanangu nilimzaa na sura hiyo hiyo, mwache aimalize mwenyewe." Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nikarudi mjini na kikapu cha michembe, msaada sikupata.

Kupiga goti nimekutaja, nami nieleze. Wanawake wa huku husalimu kwa kupiga goti, na wengi humpigia hata mume anaporudi nyumbani. Mimi nilikataa tangu siku ya harusi. Nilisema mbele ya ukoo mzima kwamba Mzaramo hampigii goti mpagazi, mzigo ukishushwa anaambiwa akae pembeni apewe maji. Ukoo ulishangilia. Kwa hiyo katika ndoa yetu hakukuwa na goti, wala shikamoo.

Sasa nta. Mtu anayeuza asali ya Tabora anauza na nta. Napata wateja wa mishumaa, mafundi viatu wa kupaka nyuzi, na wengine hawasemi wanaipeleka wapi. Nta yangu huwa naiyeyusha, naichuja, naimimina kwenye mabakuli igande, natoa mapande ya mviringo, ya manjano, yananukia duka zima. Wiki moja kabla ya safari ninayoisimulia, nilikuta pande moja limemegwa. Nikamuuliza mume wangu. Akasema panya. Nikamwambia panya anayekula nta bila kugusa karanga zilizo pembeni yake ni panya mwenye leseni ya udereva. Akajifanya anatafuta kofia.

Safari ilikuwa ya Igunga, kurudi na mpunga. Utingo wetu alikuwa ameomba ruhusa kwenda Ulyankulu kwenye harusi ya kwao, na mimi nilikuwa na mteja wa asali na nta pale Igunga, kwa hiyo nikapanda mbele na kujitangaza utingo. Mume wangu akasema hajawahi kuona utingo aliyejipaka wanja. Tulikwenda vizuri. Nikauza asali, nta ikabaki kidogo kikapuni kwangu, tukapakia magunia mpaka lori likalalia springi zake, na mchana jua likiwa utosini tukaanza kurudi kuelekea Nzega.

Nilisikia harufu kabla yake. Mwanzoni nikadhani ni kikapu changu, nikakifunika. Harufu ikazidi, ya mshumaa uliozimwa, imechanganyika na chuma cha moto. Nikaitazama sindano ya joto, nikaiona imelala kwenye nyekundu. Mume wangu naye akaiona. Akaegesha pembeni ya barabara palipokuwa na mgunga mmoja mwembamba, akavuta breki ya mkono, akazima injini, na kabla sijapata kiatu changu amekwisha kuruka.

Nikateremka upande wangu, nikachukua jiwe na kukinga tairi la nyuma, maana hiyo ndiyo kazi ya utingo na niliipenda kazi yangu. Nilipozunguka mbele, boneti ilikuwa wazi, mvuke unatoka kwenye kingo za mfuniko, na yeye amepanda juu ya bampa, amevua shati, analizungushia mkononi. Nikaiona ile alama ya kuungua mkono mzima.

"Mpagazi!" nikaita. "Shuka hapo, sura ikidondoka humo ndani itaziba bomba!"

Akacheka. Akacheka kwa raha kabisa, kichwa nyuma, huku mkono wenye shati ukienda kwenye mfuniko. "Hiyo ni mpya," akasema. "Hiyo nitaipeleka maegeshoni."

Nilimwona anacheka, nikajua kwamba naweza kusimama pale na kumwaga maneno yote ya Uzaramo na yasimfikie hata moja, kwa sababu kinywani mwangu yote ni utani. Ningelia, angesema naigiza. Ningemvuta mguu, angeanguka na mkono wake uko kwenye mfuniko. Sikuwa na kitu kingine.

Nikapiga goti. Pale pale kwenye kokoto za pembeni ya lami, magoti yote mawili, kichwa chini, mikono nimeifumbata. Nikasema, "Shikamoo, baba."

Sikusikia jibu. Nilisikia bampa likilia, na miguu ikigusa chini. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mbele yangu, shati limening'inia mkononi, na uso wake umekuwa wa kijivu.

"Nani amefariki?" akauliza.

"Hakuna."

"Mama? Wamekupigia simu? Niambie."

"Hakuna aliyefariki, mume wangu. Nakuomba usifungue. Nakuomba uache lipoe. Naogopa."

Alibaki ananiangalia kama mtu aliyeamshwa usingizini katika nyumba ngeni. Na hapo hapo lori likatapika. Ule mpira mwembamba wa kumwagia maji yaliyozidi ulirusha maji ya moto chini, karibu na tairi la mbele, yakachemka juu ya mchanga, yakanyamaza, yakaruka tena. Siwezi kuapa kwamba angeungua. Labda angewahi kukwepa, labda kuna mtu angemwita tena kwa nyuma. Aliyatazama maji yale mpaka yakaacha, kisha akanishika mkono akaniinua, akanipangusa kokoto magotini kwa lile shati lake.

Tukakaa kwenye kivuli cha lori, maana cha ule mgunga kilitosha kuku. Sisi wawili bila utani tulikuwa kama wageni waliokutana hospitali. Yeye alisema, "Jua kali." Mimi nikasema, "Kali kweli." Nikaona aibu kwa maongezi hayo.

Kisha akaanza kuhangaika. Akasimama, akasogeza kiganja karibu na rejeta, akasema limepoa. Nikamwambia bado. Akakaa, akasimama tena, akasema sasa limepoa. Nikaona tutafika mahali atalifungua hivi hivi, na goti nimekwisha kulitumia. Ndipo nikakumbuka kikapu. Nikatoa kipande cha nta, nikakiweka kwenye kifuniko cha kopo la maziwa, nikapanda kwenye bampa na kukiweka juu ya rejeta, pembeni, mbali na mfuniko. Kikayeyuka hapo hapo, kikawa maji ya manjano.

"Unaona?" nikamwambia. "Hii kazi naijua mimi. Nta ikianza kuganda inaweka utando juu, lakini chini bado ni maji. Utando si kitu. Ngoja igande yote. Hata ikiganda yote bado ni laini, ukucha unaingia. Siku zote sitoi pande kwenye bakuli mpaka ukucha wangu ukatae kuingia. Ukucha ukikataa, fungua."

Akanitazama, akatazama nta. Alikuwa amenioa mimi na nta yangu.

Tukarudi chini kukaa. Safari hii alitulia. Nikaushika ule mkono wake laini. Akasema, bila kuniangalia, "Unajua kwa nini huwa sisubiri? Nikisubiri nakumbuka. Nikikaa hivi nasikia ile sauti ya mfuniko ukifyatuka. Nafungua haraka ili nisipate nafasi ya kuogopa."

Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miaka yote hiyo nikidhani haogopi, na kumbe tulikuwa tunaogopa kitu kimoja, kila mtu upande wake, tukikichekea. Nilimpenda sana saa ile. Nilimwambia hivyo, na hata hilo nililisema vibaya, kwa sababu sikuwa na mazoea.

Mchunga ng'ombe mmoja, mwanamume wa makamo, akaja na kundi lake kutoka upande wa pili wa barabara, redio ndogo imening'inia shingoni. "Mwadila!" akatusalimu, tukaitikia. "Poleni na gari. Nimemwona huyu mama kapiga goti katikati ya kokoto, nikasema huyo dereva atakuwa mtu mkubwa sana."

"Hata mimi nilikuwa sijui mpaka leo," mume wangu akamjibu.

Ng'ombe wawili walikwisha kunusa yale maji yaliyomwagika. Mume wangu akainuka mbio kuwafukuza. Maji ya rejeta yetu huwa yamechanganywa na kulanti, ile dawa ya kijani ya kupoza injini, na kulanti ni tamu. Mnyama anailamba kwa furaha na inamuua. Mchunga ng'ombe alikuwa hajui, akashukuru sana, akawapeleka wanyama wake mbali, kisha akarudi kutusaidia kuchota udongo na kufukia pale palipoloa. Alipomaliza akachungulia ndani ya boneti, akauliza kile kidude cha njano ni kitu gani. Mume wangu akamwambia ni saa ya mkewe.

Nta ilianza kuweka utando. Ikapauka pembeni, ikapauka katikati. Nikajaribu ukucha, ukazama. Tukala michembe. Nikajaribu tena, ukaacha alama. Malori mengine yalikuwa yakipita na kupiga honi za kutukejeli, na kila honi ilipolia nilimwona mume wangu akiitazama boneti. Hakuinuka. Mwishowe ukucha wangu uliteleza juu ya nta bila kuingia, nikamwita aje ajaribu wa kwake. Nao ukateleza.

Hata hivyo hakurukia. Kwanza aliubana kwa kitambaa ule mpira mkubwa wa juu unaoleta maji kutoka kwenye injini, akasema ni laini, kwa hiyo presha imeshuka. Akachukua gunia tupu, akalilowesha, akalikunja na kulifunika juu ya mfuniko. Akasimama ubavuni, uso ameugeuzia kwangu. Akauzungusha mfuniko kidogo tu, mpaka kwenye kituo chake cha kwanza, akaacha. Ukatoa pumzi, fsss, ndefu, ya uchovu. Tukangoja pumzi iishe. Akaukandamiza, akaumalizia, ukatoka.

Chini ya mfuniko, palipotakiwa kuwa na mpira, kulikuwa na nta.

Nilianza kuelewa yote kwa pamoja. Mpira wa mfuniko ulikuwa umekufa, maji yakawa yanavuja kidogo kidogo, na bwana huyu, aliyezoea kuona madumu ya asali yakizibwa kwa nta na hayavuji hata yakipinduliwa, akaona ameipata dawa. Akamega pande langu, akaupaka mfuniko ukingo mzima. Injini ilipopata moto nta ikayeyuka, nyingine ikaingia ndani, ikazunguka na maji mpaka ilipokuta mahali pa baridi kwenye vijitundu vya rejeta, ikaganda na kuziba. Maji yakakosa njia, ndiyo sababu lori lilichemsha. Mtu wa mahali pengine angetumia gundi, au sabuni, au angenunua mfuniko mpya. Nta ni kosa la kwetu.

Hapo utani ulirudi wenyewe, na hasira pamoja nao. Nilimsema Mpagazi, nikausema ukoo wake, nikamsema na panya mwenye leseni. Mchunga ng'ombe akazima redio asipitwe na neno. Mume wangu alisimama na mfuniko wake mkononi akitabasamu kwa raha ya mtu aliyerudi nyumbani.

Aliwasha injini, akaiacha ingurume polepole, akawa anamimina maji ya kwenye dumu kidogo kidogo. Yalikuwa ya vuguvugu kwa kukaa juani, na akanieleza kwamba ukiipiga injini ya moto kwa maji ya baridi chuma kinapasuka. Tukaenda mwendo wa pole mpaka Nzega, tukisimama kila sindano ilipotaka kunyanyuka, nami nikiweka kile kifuniko changu cha kopo kila tuliposimama. Kesho yake tukafika Tabora. Fundi wa Ng'ambo aliifungua rejeta, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza tumeanza lini kufuga nyuki humo. Aliisafisha, akafunga mfuniko mpya wenye presha inayolingana na lori lile, akabadilisha na mkanda wa feni uliokuwa umeanza kuchanika. Aliweka sharti moja, kwamba hadithi nzima asimuliwe yeye kwanza kabla ya maegesho.

Sasa madereva wengi wa pale huja dukani kwangu kununua kipande cha nta. Wanataka kidogo tu, cha kutosha kifuniko cha kopo. Kila mmoja namwambia: nje, si ndani. Nawaambia pia kwamba nta ni ya kumzuia mtu mwenye haraka, na kwamba gunia lililoloa na kusimama ubavuni havina mbadala. Wananiita Mama Rejeta, jina ambalo mume wangu analionea wivu.

Goti sijarudia. Nimeliweka akiba. Naye analijua, maana nikimsemesha kwa upole kidogo tu, nikisema "mume wangu" badala ya Mpagazi, anaweka chini alichokishika na kuuliza nani amefariki. Asubuhi moja nilimwambia "safari njema, mume wangu," kwa bahati mbaya tu, usingizi ulikuwa bado haujanitoka. Alizima gari, akashuka, akakagua maji, mkanda, mipira yote na matairi kabla hajaondoka.

Juzi tulikuwa njiani tena kutoka Igunga, mpunga juu, jua lile lile. Sindano ikapanda. Akaegesha, akafungua boneti, akatoa kifuniko cha kopo mwenyewe kwenye kabati la mbele, akaweka nta, akaja kukaa karibu yangu kivulini. Sikufungua mdomo. Nilikuwa nataka kuona. Alinieleza habari za mama yake Kwihara na mahindi yake, mikono imetulia juu ya magoti. Baadaye akainuka, akajaribu ukucha, akaubana ule mpira, akalowesha gunia. Nilimtazama akisimama ubavuni, akauzungusha, akangoja pumzi iishe, akautoa. Akanigeukia, mfuniko mkononi.

Nikauangalia uso ule. Pua ile ile, masikio yale yale, na yale macho.

"Mpagazi," nikamwambia, "sura bado mbaya."

"Yote?"

"Yote. Haijapungua hata kidogo."

Akatikisa kichwa, akaweka mfuniko juu ya bampa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, hacheki, "Marahaba."

Nikamuuliza marahaba ya nini, sijamwamkia mtu hapa. Akanyoosha mkono kuonyesha barabara tuliyotoka, kule kwenye mgunga mwembamba.

"Ya siku ile," akasema. "Sikukuitikia."